Tableti zikae kabatini kwanza

Langoni, Lamu

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila joto la kaskazi halitupi usingizi. Nilicheka uliposema tableti za shule yenu zimefungiwa kabatini na ufunguo anao mwalimu mkuu. Si kwenu tu, dada! Lakini usianze kugombania ufunguo. Unalotaka ni watoto waseme zaidi na wewe useme kidogo, na hilo simu yako peke yake yatosha.

Mimi natumia Plickers, programu ya simu ya kukusanya majibu ya darasa. Kila mtoto ana kadi yake ya karatasi yenye mchoro mweusi usiofanana na wa mwenzake. Huigeuza, na herufi inayokaa juu, A hadi D, ndiyo jibu lake. Napitisha kamera ya simu darasani, majibu yanaingia. Herufi zenyewe ni ndogo, jirani hazioni, kwa hiyo hata yule asiyethubutu kunyosha mkono anajibu. Nao hawahitaji simu, ambazo wajua shuleni haziruhusiwi.

Sasa, kadi bila swali zuri ni mchezo tu. Juzi niliwauliza: jahazi likipakiwa mchanga likadidimia kidogo, nguvu ya maji ya kulisukuma juu imezidi, imepungua au ni ile ile? Wengi wakajibu imepungua. Sikusema kitu, nikawataka kila mmoja amgeukie jirani amshawishi. Kelele yake! Waache wabishane kwa Kiamu, Kiingereza cha mtihani kitafuata. Mtoto mmoja wa nahodha akapaza sauti: "Mzigo umezidi na maji yamelegea, mbona halijazama basi?" Tulipopiga kura tena, karibu wote walikuwa wamehamia "imezidi", na chaki sijaigusa.

Mtindo huu ni wa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard. Aliuanza 1991, baada ya kuona wanafunzi wake wanakokotoa vizuri lakini maswali mepesi ya kuelewa yanawashinda. Kwenye kura ya kwanza, waliopata wakiwa chini ya asilimia 30, fundisha upya. Wakizidi 70, eleza kidogo upite. Wakiwa hapo katikati, ndipo uwaachie wazungumze. Mimi hiki kipimo nimekipenda kuliko semina zote tulizokalishwa.

Tableti zikitoka, toa moja kwa watoto watatu, hata kama zinatosha wote. Kila mtu akiwa na yake, hakuna anayezungumza na mwenzake. Weka PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado. Ukishayapakua hayadai intaneti, na mtoto anaweza kuzamisha na kuelesha vitu apendavyo.

Kadi ukizichapisha, usizitie plastiki inayong'aa. Mwanga wa dirishani ukizipiga, kamera haisomi. Na kabla ya kuingia darasani nitumie maswali yako mawili matatu kwa WhatsApp, nione kama yanabishanika.

Nisalimie shemeji na watoto.

Shoga yako