Fildi ya nje ya nchi ianzie Mwanza

Ndugu Mhariri,

Msimu wa fildi ukifika, wanafunzi wachache wa vyuo vya Nyegezi, Malimbe na Bugando hupata nafasi ya mafunzo tarajali kwenye taasisi za Ulaya au Amerika. Wengine husafiri, wengine hubaki hapa Mwanza na kufanya kazi mtandaoni. Sisi tunaosimamia mafunzo kwa vitendo tunaviomba vyuo viunganishe njia hizi mbili: mwanafunzi aanze na wiki sita za mtandaoni kabla ya kusafiri, na wiki hizo zihesabiwe kuwa fildi kamili.

Mengi yanayowakwamisha vijana wetu huko hayatokani na elimu yao. Kubwa kuliko yote ni ukimya. Kijana amelelewa asimsumbue mkubwa. Akipewa jedwali la vipimo vya dagaa alisafishe, akakwama Jumatatu, atahangaika peke yake hadi Ijumaa. Msimamizi aliyeko Hamburg haoni hizo juhudi. Anachojua ni kwamba siku nne zimepita bila neno, basi kazi imetelekezwa. Tunawafundisha kanuni ya saa mbili: ukikwama saa mbili, andika. Na usiandike "sijaelewa" ukaishia hapo. Sema ulikuwa unatafuta nini, umefanya nini, kimetokea nini, na unahisi kasoro iko wapi. Mfano: "Nimetafuta wastani wa urefu kwa sentimita, nimepata 34. Dagaa wa ziwa letu hafiki hata sentimita 10. Nahisi baadhi ya mistari iliandikwa kwa milimita." Anayezoea kuandika hivi mara nyingi hulipata jibu kabla hajatuma ujumbe, na hapo ndipo unamwona anakomaa.

Kisha kuna saa. Kikao cha 10:00 Berlin ni saa sita mchana kwetu mwezi Januari, lakini Julai ni saa tano, maana Ulaya husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marekani nao wana tarehe zao. Mwanafunzi akiandika "tukutane saa 3" akimaanisha asubuhi, mwenyeji wake atamngoja alasiri. Aandike kwa saa 24 na ataje mji: 12:00, Mwanza.

Bando nalo lipangiwe. Kikao cha video hula takriban GB 1 kwa saa, wakati mwingine zaidi. Sauti peke yake hula kidogo sana. Kamera iwashwe wakati wa salamu na wakati wa kuwasilisha kazi, halafu mwanafunzi aseme wazi kwamba anaizima ili kuokoa bando, asije akadhaniwa kaondoka. Awe na laini mbili za mitandao tofauti na simu yenye chaji ya kutosha ya kurushia intaneti umeme ukikatika.

Kuna kosa ambalo ni la vyuo vyenyewe. Kitabu cha fildi kinadai muhuri kila wiki, ilhali ofisi nyingi za nje hazitumii muhuri kwa mambo kama hayo. Kijana anarudi na kazi nzuri, alama hana. Makubaliano yasainiwe na pande tatu kabla ya siku ya kwanza, yaani mwanafunzi, chuo na mwenyeji, yakitaja kazi, saa kwa wiki na msimamizi kwa jina. Baada ya hapo, ripoti ya wiki iliyothibitishwa kwa barua pepe ya kiofisi ya mwenyeji itoshe.

Wiki hizo sita pia zinaendana na muda wa kushughulikia visa. Ombi la visa ya Schengen, yaani visa moja ya nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na lisiwe chini ya siku 15. Pasipoti iwe hai kwa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka huko, na bima ifikie yuro 30,000. Visa hiyo haizidi siku 90 katika kila siku 180. Fildi ndefu zaidi huhitaji visa ya nchi husika, na hiyo iombwe mapema. Alama za vidole mwombaji huzitoa mwenyewe, kwa hiyo mtu wa Mwanza ahesabu safari ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kwenda tu. Na anayedai atumiwe pesa kwa simu ili "akushikie nafasi" ni tapeli, msimtumie hata senti.

Tunaviomba vyuo vitenge chumba kimoja chenye umeme wa akiba na intaneti, kifunguliwe hadi saa tatu usiku. Saa tatu asubuhi ya New York, kwetu ni saa kumi jioni majira yao ya joto na saa kumi na moja wakati wa baridi, na kwa sasa muda huo maabara nyingi za kompyuta zinafungwa.

Wasimamizi wa mafunzo kwa vitendo,
Nyegezi, Mwanza