Barua kwa rafiki yangu aliyeko Tandahimba

Kilwa Masoko,
Lindi.

Ndugu yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, alhamdulillahi, na barua yako nimeipata na kuisoma kwa makini. Umenieleza kwamba tangu msimu wa korosho ulipofunguliwa, unapoingia katika sala mwili wako huelekea kibla lakini akili hubaki ghalani, ikihesabu magunia na kuwafikiria wakulima waliopanga foleni mbele ya mizani. Tena umesema kuwa umeanza kuona ni kumkosea adabu Mwenyezi Mungu kusimama mbele yake kwa hali hiyo, hata ukawaza kuacha kwenda kusali jamaa na kupunguza sala za sunna mpaka moyo wako utakapotulia. Hofu hiyo naiheshimu, kwa sababu asiyemcha Mola wake haumizwi na jambo kama hilo. Uamuzi unaotaka kuufanya, hata hivyo, sikubaliani nao hata kidogo, na ndiyo sababu nimekaa kukuandikia.

Bila shaka unaikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Huraira, iliyomo katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, ya mtu aliyeingia msikitini akasali, kisha akaja kumsalimia Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume alimwitikia salamu, akamwambia arudi akasali, kwani hakuwa amesali. Ikawa hivyo mara tatu, mpaka yule mtu akaapa kwamba hajui kusali vizuri zaidi ya vile, akaomba afundishwe. Tazama kwamba hakuambiwa aende zake nyumbani akangoje moyo uwe tayari. Kila mara alirudishwa kwenye sala ileile. Tazama pia alichofundishwa: atoe takbira, asome kilicho chepesi kwake katika Qurani, arukuu mpaka atulie katika rukuu, ainuke mpaka asimame sawasawa, asujudu mpaka atulie katika sijida, kisha akae mpaka atulie katika kikao chake. Mafunzo yote hayo ni ya viungo vya mwili. Mimi naamini kwa dhati kwamba unyenyekevu wa moyo huingilia hapo, na kwamba mtu anayesubiri moyo utangulie ndipo mwili ufuate anaweza kusubiri umri wake wote.

Kwa hiyo anza na mgongo na magoti yako. Ukirukuu, usiinuke mpaka umezitamka tasbihi zako moja baada ya nyingine, na ukisujudu, liache paji la uso likae juu ya mkeka hata pale nafsi inapokuhimiza uinuke, kwa maana ni katika sijida ndipo mja huwa karibu zaidi na Mola wake. Tumekatazwa kusujudu kama kunguru anayedonoa, na inanisikitisha sana kuona jinsi udonoaji huo ulivyozoeleka katika Adhuhuri za siku za kazi, wakati mwingine imamu mwenyewe akiutangulia na maamuma wakimsifu kwa kuwa amewawahisha kwenye shughuli zao. Usikubali kuwa mmoja wao.

Kuhusu mizani, usione haya kukiondoa mbele yako kile kinachokushughulisha. Mtume mwenyewe aliwahi kulivua vazi lenye marembo baada ya sala na kuagiza lirudishwe kwa Abu Jahm aliyemzawadia, kwa sababu marembo yale yalimvuta macho akiwa anasali. Na tumefundishwa tusisali chakula kikiwa kimeshaandaliwa mbele yetu. Basi mmalizie mkulima aliyeko kwenye mizani, funga daftari, zima simu kabisa, watangazie waliobaki kwamba unakwenda kusali, nami sina shaka wengi wao watafuatana nawe. Utie udhu bila pupa. Kisha nenda kwa utulivu hata ukisikia iqama, ule mwito wa kuanza sala, kwa kuwa kuikimbilia sala nako kumekatazwa, na anayefika akihema hutumia rakaa ya kwanza kutafuta pumzi.

Kuna na hili la kujua unachokisema, ambalo naliona kubwa kuliko watu wanavyolichukulia. Katika Surat An-Nisaa, Waumini walikatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa mpaka wayajue wanayoyasema, na mimi huogopa ninapofikiri ni wangapi kati yetu hatujalewa kitu na bado hatuyajui. Imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu ameigawa sala baina yake na mja wake, na kwamba mja anaposema Alhamdulillahi Rabbil-alamin, Yeye husema kuwa mja wake amemhimidi, na huendelea kumjibu hivyo aya baada ya aya mpaka mwisho wa Al-Fatiha. Ukiisoma kwa pumzi moja, hayo majibu umeyapa nafasi gani? Simama kidogo mwishoni mwa kila aya.

Nimebaki na wale wakulima wa kwenye foleni, ambao umewaandika kana kwamba ni adui wa sala yako. Ibn Battuta, yule msafiri mashuhuri wa Morocco, alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan, aliyepewa lakabu ya Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi zake, naye akamsifu kuwa ni mtu mnyenyekevu anayekaa na mafakiri na kula pamoja nao. Ameeleza kuwa siku moja ya Ijumaa, Sultani akitoka kusali, fakiri wa kutoka Yemen alimsimamisha njiani akamwomba nguo alizozivaa, tena akazitaka palepale. Sultani alirudi, akaingia nyumbani kwa khatibu, akavaa nyingine, akamwita yule mtu azichukue zile. (Habari hiyo inaendelea hadi kwenye zawadi ya watumwa na pembe za ndovu, na hapo siwezi kuisifu.) Ninachokiona ni kwamba aliyekuwa ametoka kusujudu hakumwona maskini wa njiani kuwa kero. Yule bibi aliyeleta korosho zake kidogo katika kiroba, na amesubiri tangu asubuhi, ndiye wa kwanza kukutana nawe ukitoka kusali. Mpimie kwa haki na umjibu kwa upole, na ninatumaini kwamba Alasiri utakapomkumbuka ukiwa katika safu, kumbukumbu hiyo haitakutoa mbele ya Mola wako.

Nakusihi uende msikitini leo hii kwa Magharibi, ukasimame na wenzako kwa moyo huohuo ulio nao. Halafu uniandikie uniambie ni sura ipi fupi umeanza kujifunza maana yake, ili nami niisome huku tuwe pamoja. Msalimie sana Mama, na shemeji pia. Watoto hapa wanakuamkia.

Wassalaam,
Ndugu yako wa Kilwa.