Uzamivu wa saikolojia ya shule uanze na kipimo

Mhariri,

Walimu wa Moshi na Arusha wanaotaka shahada ya uzamivu katika saikolojia ya shule huhangaika kwanza na mada. Tunawasihi wahangaike na kipimo, yaani maswali na picha za kupimia uwezo wa mtoto. Kipimo kilichotengenezewa watoto wa Marekani hakitoshi kutafsiriwa tu. Mmoja akitafsiri kwa Kiswahili, mwingine ambaye hajaona nakala ya awali akirudishe kwenye Kiingereza, tofauti zisawazishwe, ndipo kijaribiwe kwa watoto wachache. Picha moja ya kibaniko cha mkate humkwamisha mtoto hodari wa darasa la tatu asiyewahi kukiona. Alama zinashuka, naye anaitwa mzito. Hilo linatuuma.

Vibali vya kufanya utafiti shuleni navyo vina ngazi: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, halmashauri, kisha mwalimu mkuu. Ridhaa ya mzazi haitoshi. Mtoto mwenyewe aulizwe. Anayefika shuleni Novemba hukuta mitihani na likizo inakaribia.

Wanaolenga kusomea shahada hiyo Marekani wajipange kwa miaka mitano au zaidi, pamoja na mafunzo kazini ya saa 1,500, zisizopungua 600 zikiwa shuleni.

Wasimamizi wa tafiti za elimu,
Moshi