Shule ya kutwa iliyolelewa na vinu vya Mto Irk

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma kwa makini makala mliyochapisha kuhusu shule kongwe za wavulana nchini Uingereza, na nimesikitika kuona Manchester Grammar School ikipewa aya moja tu, tena ikitajwa kuwa shule ya wenye uwezo na basi. Karo inayotozwa leo ni kubwa, sikatai, lakini haielezi shule hiyo iliundwa kwa ajili ya nani.

Aliyeianzisha mwaka 1515 ni Hugh Oldham, Askofu wa Exeter, ambaye asili yake ilikuwa Lancashire, kaunti iliyokuwa na mji wa Manchester ndani yake, na aliyejua kwamba huko kwao walikuwapo vijana wenye vipaji waliokua bila elimu kwa sababu wazazi wao hawakuwa na kitu. Fedha za kuiendesha zilitoka kwenye vinu vya kusagia nafaka vilivyokuwa kando ya Mto Irk, na wakazi wa Manchester walibanwa na sheria kusaga nafaka zao huko na si kwingineko. Mwenye gunia lake alilifikisha kinuni, akalipa ujira wa kusagiwa, na kwa ujira huohuo, apende asipende, akawa amemsomesha mtoto wa jirani. Watu walinung'unika sana, na kwa haki, hata mwaka 1758 Bunge likawaondolea sharti hilo, isipokuwa kwa kimea cha kutengenezea pombe. Hata hivyo sijui mfano ulio wazi zaidi wa mji mzima kuibeba shule yake mgongoni.

Kanuni za mwaka 1525 ziliagiza kwamba mafundisho yatolewe bure, na kwamba asikataliwe mtoto yeyote wa kiume, atoke jimbo lolote lile, ila mwenye ugonjwa mbaya wa kuambukiza. Wasichana hawakufikiriwa kabisa, na hilo ni doa ambalo sifa ninazozitoa hapa haziwezi kulifuta.

Jambo ambalo makala yenu ililipita kabisa, nami naliona kuwa ndilo kiini cha falsafa ya shule hii, ni kwamba ni shule ya kutwa. Ni kweli kwamba kuna wakati baadhi ya wanafunzi walilala katika nyumba ya mkuu wa shule, na mmoja wao, Thomas De Quincey, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri, alitoroka mwaka 1802. Lakini huo haukuwa mwelekeo uliodumu. Mvulana wa shule ya kutwa hushinda na Kilatini na hesabu, kisha jioni hurudi kwa wazazi wake, akala chakula chao, akasikia shida zao, akazungumza lugha yao. Elimu yake haimtengi na waliomzaa. Shule iliyoamini hivyo ililazimika kukaa mahali ambapo watoto wa mji wangeweza kuifikia kila asubuhi, na hata ilipohama kutoka Long Millgate, karibu na kanisa kuu, kwenda Rusholme mwaka 1931, haikutoka Manchester.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, chini ya mpango wa ruzuku ya moja kwa moja kutoka serikalini, wavulana wengi walisoma pale kwa gharama ya umma, na mkuu wa shule wa wakati huo, Eric James, aliutetea waziwazi msimamo kwamba nafasi itolewe kwa uwezo wa akili wala si kwa mfuko wa mzazi. Serikali ilipoufuta mpango huo, shule ilichagua kujitegemea mwaka 1976. Kwa maoni yangu uamuzi huo uliiokoa shule, lakini uliijeruhi palepale, kwa kuwa tangu hapo kila mtoto wa maskini anayeingia ni lazima atafutiwe mfadhili. Kaulimbiu yake, Sapere Aude, inamhimiza mtu athubutu kuwa na hekima. Kuthubutu huko kunamhitaji kwanza mvulana aliyefunguliwa mlango.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wenu airudie mada hii, na safari hii, kabla ya kutaja kiwango cha karo, aiulize shule ni wavulana wangapi wanaosoma bila kulipa karo hiyo, na fedha za kuwasomesha zinatoka wapi sasa ambapo vinu havipo tena.

Wako mwaminifu,
Msomaji wa siku nyingi