Vitabu tisa vya Zuhura

Mwandani wangu Mama Nuru,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa watoto wote. Huku tu wazima, tunashukuru. Barua yako ya mwezi wa pili imekaa kwangu miezi tisa bila jibu, na nakujua, wewe huulizi kitu mara mbili. Nisamehe. Swali lako lilikuwa fupi: niombe kazi kwenye hizo shule za kimataifa, au nitulie nilipo? Kila nilipoketi kukujibu nilikuta ndilo tunaloulizana humu ndani, mimi na Baba Zuhura, usiku watoto wakishalala.

Sasa limenibana. Ijumaa hii natakiwa nirudishe fomu ya kusema nabaki au naondoka. Halafu nina ombi kwako, linamhusu Zuhura, na ni kubwa. Ngoja kwanza nilipe deni la jibu.

Kazi yenyewe naipenda, Mama Nuru. Nina darasa la watoto kumi na sita wenye lugha za nyumbani tisa. Mwaka juzi aliletwa kijana asiyejua hata neno moja la lugha tunayofundishia. Wiki ya pili akanyoosha mkono, akaja ubaoni, akaukokotoa mlinganyo mpaka mwisho bila kutamka kitu, na darasa zima likampigia makofi. Siku kama ile hunitosha muhula mzima. Na utapata muda wa kupanga vipindi na wenzako, na mafunzo ya mara kwa mara. Kwa upande huo ningekuambia njoo kesho.

Lakini ijue kalenda yao. Shule nyingi za aina hii huanza mwaka mwezi wa nane na kufunga wa sita, ila msimu wa ajira huja mapema mno. Matangazo huanza kutoka mwezi wa tisa, usaili hufanywa kwa video, na ukifika mwezi wa pili nafasi nyingi nzuri zimeshakwenda. Ndiyo maana walimu waliopo huulizwa mapema nani anabaki. Unatakiwa useme "naondoka" kabla hujajua unakwenda wapi. Nimelifanya hilo mara mbili, na mara zote mbili sikupata usingizi mpaka barua ya kazi mpya ilipofika.

Mkataba wa kwanza kwa kawaida ni wa miaka miwili, kisha huongezwa mwaka hadi mwaka. Ukipewa, usikimbilie mstari wa mshahara. Tazama ada ya watoto inalipwa ya wangapi, maana kuna shule zinazoishia wawili nawe unao watatu. Tazama bima ya afya kama inamhusu shemeji na watoto au ni yako peke yako. Uliza habari za uzeeni: mara nyingi hakuna pensheni, labda kiinua mgongo unapoondoka, na michango ya nyumbani inakuwa imekatika. Miaka sita ya kwanza mimi sikuweka akiba yoyote ya uzeeni, na hiyo miaka hairudi.

Na uliza unaajiriwa kwa ngazi ipi. Shule yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja, iliniajiri nikiwa tayari nipo nchini kwao, wakaniandika kuwa mwajiriwa wa hapo hapo: bila nyumba, bila tiketi. Mwenzangu wa chumba cha jirani, somo lile lile, na uzoefu mchache kuliko wangu, alipewa vyote kwa kuwa alisafirishwa kutoka kwao. Niliyajua hayo mwaka wa pili, kwa bahati. Mahali pengine niliambiwa kwenye usaili kwamba wazazi wangependa lafudhi ya aina fulani. Nami nafundisha hesabu, Mama Nuru! Nililia siku ile, kisha nikaandika barua nyingine nne za maombi.

Karatasi nazo zisikupite. Hati ya polisi, ya kuonyesha huna kosa, iombe katika kila nchi kabla hujaihama, kwa sababu shule makini huitaka ya kila mahali ulipoishi, na wana haki, ni usalama wa watoto. Vyeti vyako vitahitaji kuthibitishwa. Nchi zilizomo katika Mkataba wa The Hague wa 1961 hupokea muhuri mmoja uitwao apostili; kama mojawapo ya nchi zako haimo, utapita wizarani kisha ubalozini. Vya ndoa na vya kuzaliwa vya watoto vipeleke siku hiyo hiyo. Mimi cha ndoa nilikisahau, na Baba Zuhura akachelewa kutufuata miezi minne.

Jambo jingine nikuambie ukweli, maana wewe ni wangu: fasihi ya Kiswahili haitangazwi kila mahali. Zinazotafutwa zaidi ni hesabu, sayansi na Kiingereza. Kwa hiyo mlango wenu huenda ukawa fizikia ya shemeji. Shule hupenda mke na mume walimu, kwa kuwa nyumba ni moja na wafanyakazi ni wawili. Hapo mmetuzidi sisi.

Sisi, unajua tulivyo. Baba Zuhura ana kibali cha mtegemezi, na hapa mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa. Ni mwaka wa tatu sasa. Mwezi wa nane tulikuwa tunajaza fomu za shule za watoto, mezani, kila mtu na yake. Alipofika mahali paliposema kazi ya baba, akapaacha wazi, akaendelea na mstari unaofuata. Mhandisi wa maji wa miaka kumi na minne! Mimi nilikiona kile kisanduku kitupu nikajifanya sikukiona. Siku ya usaili wangu waliniuliza maswali dakika arobaini, na hakuna lililomhusu yeye. Na mimi, mke wake, sikuuliza. Nilisaini peke yangu, lakini ndani ya ule mkataba tunaishi watu wanne.

Kwa hiyo kabla ya lolote, uliza: mwenzangu ataruhusiwa kufanya kazi? Wakikujibu kwa maneno ya juu juu, omba waandike.

Idi ana miaka tisa, na huyo ndiye tuliyedhani hasumbuki. Kila mwezi wa sita marafiki zake wawili watatu huondoka moja kwa moja. Juzi nimemsikia akiongea na mtoto mgeni wa ghorofa ya chini. Kabla hajamuuliza jina, alimuuliza, "Mkataba wa mama yako ni wa miaka mingapi?" Nilisimama pale ngazini na mfuko mkononi, nikashindwa kupanda.

Sasa Zuhura.

Ana miaka kumi na tano, yuko darasa la kumi, anafanya vizuri, walimu wanampenda. Jumapili tukimpigia Bi Mkubwa simu, bibi anamuuliza mambo naye anajibu, "Ndiyo, Bibi. Hapana, Bibi. Asante, Bibi," kisha ananipa simu. Anaelewa kila kitu. Ila sentensi inamkwama, anaona haya, ananyamaza. Mwezi uliopita mama aliniambia, kwa furaha kabisa, "Mjukuu wangu umemlea vizuri. Ana adabu, hana maneno mengi." Sikumwambia ukweli. Ningemwambiaje?

Unakumbuka alivyokuwa na miaka minne? Ule mdomo! Alikuwa akikusimulia hadithi mpaka wewe ukimbie.

Nimekuwa nikisoma historia ya hizi shule tangu hili lianze kunisumbua. Ile ya Geneva ilianzishwa mwaka 1924 kwa ajili ya watoto wa watumishi wa Shirikisho la Mataifa na Shirika la Kazi Duniani. Diploma ya IB (International Baccalaureate), ile ya miaka miwili ya mwisho ya sekondari, nayo ilizaliwa huko huko mwaka 1968, ili mtoto wa wazazi wanaohama apate cheti kitakachopokewa na vyuo vya nchi nyingi. Wamefaulu. Masomo ya Zuhura hayajakatika hata siku moja katika nchi tatu. Kilichokatika ni kingine. Katika miaka ya 1950 mwanasosholojia Mmarekani, Ruth Useem, aliwapa watoto hawa jina, watoto wa utamaduni wa tatu: si ule wa wazazi wao, si ule wa pale wanapoishi, bali wa hapo katikati. Nililipenda jina hilo zamani, nilipokuwa naliona kwa watoto wa wengine.

Basi, ombi langu. Mwezi wa nane ujao Zuhura anaanza Diploma, miaka miwili, masomo sita. Mratibu alituita wazazi kutueleza namna ya kuchagua, na kuna jambo alilipitia haraka nikamrudisha. Somo la kwanza ni fasihi ya lugha ya mwanafunzi. Ikiwa shule haina mwalimu wa lugha hiyo, mtoto anaweza kujisomea chini ya usimamizi wa shule, kwa kiwango cha kawaida. Nikauliza, hata Kiswahili? Akafungua orodha yake. Hata Kiswahili. Atasoma vitabu tisa katika miaka miwili, vingine vilivyoandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, vingine tafsiri, kisha afanye mtihani kama wengine. Na kwa kuwa atachukua fasihi ya Kiingereza pia, akipata angalau 3 kati ya 7 katika kila moja, atapewa diploma ya lugha mbili.

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la uwanja wa mpira mpaka kengele ikalia.

Shule imekubali kumsimamia, ila wanataka tumpate mtu anayeijua hiyo fasihi wa kusoma naye. Mimi ni mtu wa namba. Naweza kumsomea shairi, siwezi kumweleza kwa nini mizani inakatika pale inapokatika. Wewe unaweza. Nakuomba saa moja na nusu kwa wiki, kwa video, siku utakayochagua wewe. Nitakulipa kama mwalimu anavyolipwa, na usinikatalie hilo kwa ajili ya urafiki, najua una mzigo wako. Umsaidie kuchagua riwaya, tamthilia na diwani zitakazomgusa mtoto wa miaka kumi na tano aliyekulia mbali. Umsahihishe bila kumwonea huruma, lakini asikuogope.

Unaona sasa kwa nini fomu ya Ijumaa na ombi hili vimefungana? Tukihama mwaka huu kwenda mahali Baba Zuhura atakapofanya kazi, sijui kama shule mpya itamkubalia Kiswahili. Tukisubiri mwaka mmoja tuhame akiwa katikati ya Diploma, ndiyo balaa kabisa, kwa maana masomo aliyochagua huenda huko hayapo, na mpangilio wa vitabu ni mwingine. Ama tuondoke kabla hajaanza, ama tubaki mpaka amalize.

Baba Zuhura amesema tubaki. Alilisema kwa upole, akichora kitu kwenye bahasha. Sharti lake ni moja: baada ya hapo tutaifuata kazi yake, na mimi ndiye nitakayetafuta nafasi popote itakapokuwa. Nilimwambia tuandike. Tumeandika, tumesaini wote wawili, karatasi iko pamoja na vyeti vya watoto. Kwa sasa amepata mradi wa miezi minne nje ya hapa, ataondoka mwezi wa kwanza, na nimemwona akipanga vitabu vyake vya kazi kwa namna ambayo sijaiona siku nyingi. Lakini akirudi kutoka mradi huo? Ni zaidi ya miaka miwili bado. Usiku nahesabu na kuhesabu tena. Mtoto apate lugha, baba akose kazi? Huwa naishia hapo hapo.

Hata hivyo nadhani nitaandika nabaki. Nimeshika kalamu mara tatu leo.

Sasa nijibu mambo yangu, usinilipize miezi tisa. Utaweza Zuhura? Kama huwezi, nani mwingine unayemwamini, yule mwenzetu wa mwaka wa pili aliyekuwa akiandika mashairi bado anafundisha? Vitabu vya kuanzia ni vipi, vyepesi lakini visivyo vya kitoto? Nianze naye sasa hivi au nimwache apumzike mpaka likizo? Shemeji amesemaje kuhusu kuomba kazi, au hujamwambia bado? Nuru mgongo wake umepona? Mama Asha walipatana na mdogo wake? Na wewe mwenyewe, nimeongea yangu tu, lile jambo la mwezi wa pili uliloliandika mstari mmoja kisha ukabadilisha habari, limeishaje? Nipigie hata usiku.

Wako daima,
Mama Zuhura

N.B. Nilimwambia Zuhura kwamba nakuandikia. Ameniomba nafasi hapa chini, na sijasahihisha kitu.

Shikamoo Mama Nuru. Mimi Zuhura. Vitabu tisa ni mingi lakini nataka. Bibi anasema mimi nina adabu kwa sababu siongei. Mimi nataka kuongea na yeye sana kabla yeye hajakuwa mzee zaidi. Tafadhali.