Grisi ya gari haifai kwenye gia za printa: tunachopaka sisi, na sababu zake

Msimu wa mitihani ya shule ndio tunaopokea printa nyingi zenye kelele. Mama mmoja mwenye steshenari alituletea ya kwake ikiwa imefungwa kwenye kanga. “Fundi, ilikuwa inalia kama mlango wenye kutu,” akasema. “Kijana wangu akaipulizia ile dawa ya kulegeza nati, ikanyamaza kabisa. Tukapiga kazi siku tatu. Sasa inalia kuliko mwanzo, na karatasi haivuti.”

Tulipofungua kifuniko cha ubavuni tukakuta gia kavu, zinang'aa kama vyombo vilivyooshwa. Grisi iliyowekwa kiwandani ilikuwa imeyeyuka yote na kushuka chini, imejikusanya kwenye fremu pamoja na tona (ule unga wa wino) na vumbi la karatasi, na mchirizi wake umefika hadi kwenye rola ya kuvuta karatasi. Mpira wa rola ulikuwa umevimba na unateleza. Yule kijana hakuwa mzembe. Dawa ile inasaidia kweli kwenye bawaba na kwenye nati iliyoshika kutu, na mtu akiona imefaa huko ataijaribu na hapa. Lakini sehemu kubwa yake ni kiyeyusho chepesi cha petroli, kilichotengenezwa kipenye na kuyeyusha. Kikifika kwenye gia kinaosha grisi, kisha chenyewe kinapotea hewani, kinaacha utando mwembamba wa mafuta. Ule ukimya wa siku tatu ulikuwa ni utando huo. Ulipokwisha, plastiki ikabaki inasagana na plastiki.

Swali tunaloulizwa sana dukani ni hili: basi nipake grisi gani? Kabla ya kutaja grisi, inafaa kujua inapakwa juu ya nini.

Gia nyingi nyeupe za printa za ofisini ni za plastiki inayoitwa asetali. Ni ngumu, inateleza yenyewe kiasi, na haisumbuliwi sana na mafuta. Nyingine ni nailoni, ambayo ni imara lakini inanyonya unyevu wa hewa na kutanuka kidogo. Kwa sisi tulio Dar es Salaam, karibu na bahari, hilo si jambo dogo: gia iliyokuwa inazunguka kwa ulaini inaweza kubana kwenye pini yake. Sasa, gia hizo zinakaa juu ya fremu na pini ambazo mara nyingi ni za plastiki tofauti kabisa, ABS au polikaboneti. Hapa ndipo hasara inapotokea. ABS na polikaboneti haziivani na mafuta mengi ya petroli wala viyeyusho. Sehemu ambayo tayari inabeba mzigo, kama shina la pini au tundu la skrubu, mafuta yanaiingia taratibu na kuanzisha nyufa nyembamba kama unywele. Haikatiki siku ile ile. Inaweza kuchukua wiki, mteja anasikia “tak”, anaona gia imelala upande, anadhani printa imezeeka. Kosa lilifanyika siku nyingi nyuma, na aliyepaka grisi huenda hata hakumbuki.

Tuje kwenye kopo sasa. Grisi ni mafuta yaliyoshikwa na kitu kizito ili yasitiririke, kama maji yanavyokaa ndani ya sifongo. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye kopo, “lithiamu”, linataja ile sifongo tu. Halikuambii mafuta yaliyomo ni ya aina gani, na mafuta ndiyo yanayogusa plastiki yako. Makopo mawili ya grisi nyeupe ya lithiamu yanaweza kufanana sura na bei, moja likawa na mafuta ya petroli na jingine mafuta ya sintetiki yanayopatana na plastiki. Ile ya kupuliza huwa na kiyeyusho juu yake, kwa hiyo hatuiingizi ndani ya printa hata kama imeandikwa lithiamu. Ukiuziwa grisi “ya plastiki”, muulize muuzaji mafuta yake ya msingi ni yapi, au dai karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Muuzaji anayeijua bidhaa yake hatakasirika.

Kwa gia za kawaida tunatumia grisi ya mafuta ya sintetiki iliyoandikwa wazi kuwa inafaa kwa plastiki, mara nyingi yenye unga wa PTFE, ule ule unaofanya kikaango kisishike chakula. Tunaangalia pia namba ya ugumu. Mafundi wanaipima kwa kudondosha koni kwenye grisi yenye joto la nyuzi 25 na kuona imezama kiasi gani kwa sekunde 5. Namba 2, inayotumika sana kwenye beringi za magari, koni huzama milimita 26.5 hadi 29.5. Namba 1 ni laini zaidi, milimita 31 hadi 34. Mota ya printa ni ndogo. Ukiipa grisi nzito kwenye mfululizo wa gia kumi inafanya kazi kama mtu anayetembea kwenye tope, kwa hiyo sisi tunaegemea namba 1.

Grisi ya silikoni ina sifa nzuri kwa plastiki na baadhi ya mafundi wanaitumia kila mahali. Sisi tunaibana matumizi. Mafuta ya silikoni yana tabia ya kutambaa: unayapaka hapa, baada ya muda unayakuta kule, na yakifika kwenye rola ya kuvuta karatasi au kwenye viungo vya umeme kuyatoa ni kazi ngumu. Tena yanavimbisha mpira wa silikoni, na rola ya kukandamiza kwenye fyuza, ile sehemu ya joto inayoshikisha wino kwenye karatasi, mara nyingi imefunikwa na mpira huo huo. Ile nyeusi yenye grafiti hatuiweki kwenye gia hata kidogo, kwa sababu grafiti inapitisha umeme na ndani ya printa ya leza kuna volti nyingi.

Fyuza ni habari nyingine kabisa. Hapo ndipo tona inapoyeyushwa ishike kwenye karatasi, na joto lake linafika nyuzi 180 mpaka 200. Printa nyingi ndogo zina mkanda mwembamba unaozunguka juu ya kipasha joto, na kati ya viwili hivyo kuna grisi maalumu ya florini inayovumilia joto la karibu nyuzi 250. Ni ghali, na kijibomba chake ni kidogo kuliko dawa ya meno ya safari. Tumepokea fyuza zilizopakwa grisi ya kawaida humo ndani. Mafuta yalikauka, yakabaki magaga ya kahawia, mkanda ukakwama na kuchanika. Fundi akikuambia amefungua fyuza na kuipaka grisi, una haki ya kuona kijibomba hicho. Kama hana, bora asingeigusa.

Kuhusu kiasi, tunaomba mtuamini: grisi nyingi inaua printa sawasawa na grisi mbaya. Kwa gia moja, kinachohitajika ni kama punje ya mchele, kisambazwe kwa brashi hadi meno yang'ae tu, na tone kwenye pini. Ikizidi, gia inairusha. Ikitua kwenye dramu, ile silinda inayobeba picha ya ukurasa kabla haijahamia kwenye karatasi, utaona madoa yanayojirudia kwa umbali ule ule kwenye kila ukurasa. Ikichanganyika na tona na vumbi la karatasi, inageuka uji unaosaga meno kama msasa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi yetu ni kusafisha. Tunatoa grisi ya zamani yote kwa brashi, kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti safi, tukiepuka thina, petroli na asetoni, ambazo zinaweza kulainisha fremu ya ABS mbele ya macho yako. Kuongeza grisi mpya juu ya ya zamani hatukubali, maana sifongo mbili tofauti zikikutana zinaweza kuachia mafuta yake, na grisi yote ikawa maji.

Na si kila gia inataka grisi. Zipo zilizoundwa zifanye kazi kavu, hasa zile zilizo jirani na katriji na njia ya karatasi. Tunafuata mwongozo wa ufundi wa modeli husika. Kama kiwanda hakikupaka, nasi hatupaki. Klachi, pedi za kutenganisha karatasi, mikanda na rola za mpira hazipakwi kitu. Kinyume chake, ukiona grisi nyeusi kidogo kwenye ncha ya shafti inayogusana na bati, usikimbilie kuifuta ukidhani ni uchafu. Katika baadhi ya printa imewekwa pale makusudi ili kupitisha umeme.

Kuna kelele ambazo grisi haiziponyi, na hapa wateja wanapoteza fedha. Mlio mrefu wa “kwiii” mara nyingi ni ukavu kwenye pini au bushi, na hapo grisi inasaidia. Lakini “tak, tak, tak” inayokuja kwa mpangilio, idadi ile ile kila ukurasa, kwa kawaida ni jino lililokatika au kulika. Toa kurasa tano, hesabu milio. Ikilingana, gia ibadilishwe. Ukipaka grisi itapoa sauti kwa siku chache huku jino lililovunjika linaumiza gia ya jirani, na badala ya kununua gia moja utanunua mbili.

Ile printa ya steshenari tuliiosha, tukabadilisha rola ya kuvuta karatasi na gia moja ya nailoni iliyokuwa imebana, tukakuta pini mbili bado nzima. Mama aliichukua jioni ile ile, na kijana wake alikaa nasi karibu saa nzima akitazama kila hatua.

Ukituletea yako, toa katriji kwanza uifunge kwenye mfuko mweusi isipigwe na mwanga, na usilaze printa ubavu njiani. Kama kuna kilichopulizwa au kupakwa ndani, njoo na kopo lenyewe. Hatutakugombeza. Tukijua ni mafuta gani yaliingia, tunajua ni plastiki ipi ya kukagua nyufa. Kwenye risiti tutaandika grisi tuliyotumia na mahali tulipoipaka, ili fundi mwingine yeyote akiifungua baadaye asipake tofauti juu yake.