Asante sana baba wa mbuzi wa Taru

Jamani mnishuhudie, kuna mtu nataka nimshukuru na jina sikumuuliza. Jumapili nlitoka Mombasa peke yangu kwenda kutembea kule kwenye mawe ya Taru, ukishapita Samburu ya njia ya Nairobi, kule kwenye ngurunga, yale mashimo ya mwambani yanayokinga maji ya mvua ambayo zamani misafara ya bara ilikuwa ikinywa. Nyika kavu, miiba mitupu. Nkateleza, mguu ukateguka, simu haina netiwaki na maji nshayamaliza.

Baba mmoja mchungaji akasikia nnavyoita akaja, akaniambia "mwanangu, usikanyage kwanza". Akanipa maji kidogo kidogo kutoka kidumu chake cha lita tatu, akavua shuka yake akachana upande, akanifunga kifundo taratibu, akikaza huku aniangalia uso kama naumia. Kisha akanikatia fimbo, ile miiba akaipara moja moja kwa panga nisije nkajichoma mkono. Mbuzi akamwachia kijana wake, akanikokota mpaka barabara ya lami, twapumzika kila kwenye kivuli, saa mbili nzima, akasimamisha matatu na akamsisitizia konda nisishushwe njiani. Nkampa pesa, akakataa katakata.

Baba, mguu unaendelea vizuri na fimbo yako ninayo. Mwenye jamaa Taru amfikishie salamu, na nyie mnaopita njia ile bebeni dumu la maji la ziada muwaachie wachungaji.